Deni la Nani? Rangi, Mali na Mlango wa Chuo Kikuu

Binti yangu aliweka karatasi mbili juu ya meza ya chakula na kuniomba nizisome kabla sijakwenda kulala. Zote mbili zilikuwa insha za maombi ya chuo kikuu. Ya kwanza ilieleza jinsi mlinzi wa duka moja hapa Houston alivyomfuata rafu baada ya rafu, akisimama kila anaposimama yeye, huku rafiki zake Wazungu walioingia naye wakizagaa dukani bila kuangaliwa na mtu. Ya pili ilieleza zamu za usiku za mama yake katika nyumba ya kutunzia wazee, na jinsi yeye, tangu akiwa darasa la sita, alivyokuwa akiwapikia wadogo zake na kuzikagua kazi zao za shule wakati mama yuko kazini na baba amelala ili naye aamkie kazini.

Zote mbili ni za kweli. Nilikuwepo jioni aliporudi kutoka dukani bila kununua kitu, na uji wa wadogo zake ulioungua nimeunywa mimi mwenyewe.

"Baba, ipi itanisaidia zaidi?"

Hakuwa akiuliza ipi imeandikwa vizuri. Alitaka kujua kama vyuo vya nchi hii, kwa wakati huu, vinatazama zaidi rangi ya ngozi yake au mfuko wa wazazi wake. Nilimwambia nitafikiri, na nimefikiri kwa muda mrefu kuliko alivyoweza kusubiri.

## Dirisha aliloliacha Roberts

Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya tarehe 29 Juni 2023, katika kesi za Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina, iliyovizuia vyuo kutumia rangi kama kigezo cha udahili, imeshaelezwa vya kutosha. Sisi wazazi wa huku tuliijadili hadi kwenye vikao vya harusi. Kilichozungumzwa kidogo ni dirisha ambalo Jaji Mkuu John Roberts aliliacha wazi mwishoni mwa maandishi yake. Alivikataza vyuo kumwongezea mwombaji uzito kwa sababu tu ya rangi, lakini akasema hakuna kinachovizuia kuzingatia maelezo ya mwombaji mwenyewe kuhusu jinsi rangi ilivyoyagusa maisha yake, iwe kwa kubaguliwa, kwa kupewa msukumo au kwa njia nyingine. Papo hapo akaonya kwamba insha zisitumiwe kuurudisha utaratibu ambao mahakama imeuharamisha.

Matokeo yake ni kwamba rangi kama kisanduku cha kutia alama imeondolewa, na rangi kama simulizi imebaki. Vijana wa miaka 17 wanafundishwa kulitafuta jeraha, kulisafisha, kulipanga katika maneno yasiyozidi 650 na kulituma kabla ya tarehe ya mwisho.

Na hapo ndipo tabaka linapoingia bila kubisha hodi. Kuna wazazi katika kitongoji chetu wanaolipa mshauri binafsi wa kumwongoza mtoto katika kuandika, na mtoto aliyeongozwa hivyo anajua kwamba insha ya kubaguliwa inatakiwa imalizike kwa ushindi fulani, kwamba hasira ipunguzwe makali, na kwamba mlinzi wa duka asichukue nafasi kubwa kuliko mwandishi. Binti yangu hakuwa na mtu wa kumwambia hayo. Insha yake ilikomea pale mlinzi alipowafungulia mlango watoke. Hata simulizi ya rangi, ili ipendeze machoni pa msomaji wa chuo, inahitaji fedha nyuma yake.

## Deni likageuzwa kuwa manufaa

Nilirudi nyuma kutafuta jambo hili la vyuo kuzingatia rangi lilianza kwa hoja gani, kwa sababu nilihisi kwamba tunabishania vipimo bila kukumbuka tulikusudia kupima nini.

Tarehe 4 Juni 1965, Rais Lyndon Johnson aliwaambia wahitimu wa Chuo Kikuu cha Howard kwamba huwezi kumchukua mtu aliyefungwa minyororo kwa miaka mingi, ukamfungua, ukamfikisha kwenye mstari wa kuanzia mbio, ukamwambia yuko huru kushindana na wengine wote, kisha ukaamini kwamba umetenda haki. Hiyo ilikuwa hoja ya deni. Ilikuwa na mdai anayejulikana, yaani vizazi vya watu waliofanywa watumwa na kisha kubaguliwa kwa sheria, na ilikuwa na mdaiwa, yaani taifa lililofanya hivyo.

Miaka 13 baadaye hoja hiyo iliondolewa mezani. Shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha California kule Davis ilikuwa imetenga nafasi 16 kati ya 100 kwa ajili ya waombaji wa jamii zilizoachwa nyuma, na Mzungu mmoja aliyekataliwa, Allan Bakke, alishtaki. Katika hukumu ya mwaka 1978 Jaji Lewis Powell wa Mahakama ya Juu, ambaye kura yake ndiyo iliyoamua, alikataa kwamba chuo kinaweza kutumia rangi ili kulipia dhuluma za jamii nzima. Alichokubali ni jambo moja tu: kwamba darasa lenye wanafunzi wa asili mbalimbali linatoa elimu bora zaidi, na kwa ajili hiyo rangi inaweza kuwa kigezo kimoja kati ya vingi.

Jaji mwenzake Thurgood Marshall, Mmarekani Mweusi, aliandika maoni yake kando, akianza na watu walioburutwa kwa minyororo miaka 350 iliyotangulia. (Huyu ndiye Marshall aliyekwenda London mwaka 1960 kuwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa Lancaster House na kuwaandalia rasimu ya haki za raia, ambamo alijitahidi kuwalinda Wazungu na Wahindi waliokuwa wachache. Mtu aliyejali haki za walio wachache hata walipokuwa matajiri hakuwa mtu wa chuki.) Marshall aliona kinachopotea. Kwa Powell, mwanafunzi Mweusi hakubaliwi kwa sababu anadai kitu. Anakubaliwa kwa sababu ana faida kwa wenzake darasani.

Ukishaikubali hoja ya faida, huna tena sababu ya kuuliza Mweusi huyu ametoka wapi.

## Tukapita sisi

Mwaka 2004 iliripotiwa kwamba, katika mkutano wa wahitimu Weusi wa Harvard, maprofesa Lani Guinier na Henry Louis Gates walisema hadharani jambo ambalo wengi walikuwa wakilinong'ona. Weusi walikuwa kama asilimia 8 ya wanafunzi wa shahada ya kwanza, na huenda theluthi mbili yao walikuwa wahamiaji kutoka Karibi na Afrika, au watoto wa wahamiaji hao, na kwa kiasi kidogo watoto wa ndoa za mchanganyiko. Mwaka 2007 mwanasosholojia Douglas Massey na wenzake walichapisha takwimu zao: katika vyuo vinavyochagua kwa ukali walivyovichunguza, asilimia 27 ya wanafunzi Weusi wa mwaka wa kwanza walikuwa wa asili ya uhamiaji, na katika vyuo vya Ivy League, yaani vile vinane vya kale vya kifahari kama Harvard na Princeton, asilimia 41, ilhali miongoni mwa vijana Weusi wa rika hilo nchini kote walikuwa kama asilimia 13 tu.

Sababu haina siri. Ukiacha ndugu zetu waliokuja kama wakimbizi, ambao safari yao ni nyingine kabisa, Mwafrika wa kawaida anayefika hapa ameshachujwa na ubalozi, ada, mitihani na nauli. Mimi nilikuja na shahada ya Mlimani. Baba yangu alikuwa mwalimu Tanga, na nyumba yetu ilikuwa na vitabu kabla haijawa na umeme. Kazi yangu ya kwanza Houston ilikuwa kupakia mizigo ghalani, na kwa hesabu ya kipato tulikuwa maskini kamili, lakini binti yangu amekulia katika nyumba ambamo swali lilikuwa atasoma nini chuoni; kama atasoma au hatasoma halikuulizwa kamwe.

Kwa hiyo tazama ajabu hii. Wakipima rangi, tunapita. Wakipima kipato cha miaka yetu ya mwanzo, tunapita pia.

Visanduku vyenyewe ni kichekesho kwa mtu wa pwani yetu. Wachukue wanafunzi watatu waliokaa dawati moja Mombasa, wote Kiswahili chao kimoja, wote wakila mahamri ya duka moja: mmoja asili yake Hadhramaut, mwingine Gujarat, wa tatu Mgiriama. Hapa Marekani wa kwanza alihesabiwa Mzungu hadi serikali ilipoidhinisha mwaka 2024 kundi jipya la watu wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, wa pili ni Mwasia pamoja na Mjapani na Mfilipino, na wa tatu ni Mweusi pamoja na kitukuu cha mtumwa wa mashamba ya pamba ya Mississippi. Jaji Neil Gorsuch aliyakosoa makundi haya katika hukumu ya 2023, na ingawa sikubaliani na mengi aliyoandika, hapo sina la kumjibu.

Dada mmoja ninayefanya naye kazi, Mmarekani Mweusi, ni mzaliwa wa Third Ward, mtaa wa Weusi wa hapa Houston tangu zamani, na ukoo wake ulikuwa Texas kabla ya tangazo la uhuru wa watumwa kusomwa Galveston mwaka 1865. Wakati wa chakula cha mchana aliniuliza binti anaomba vyuo gani, nikamtajia, akamtakia heri kwa moyo mweupe. Kisha akaniambia jambo ambalo sijaweza kuliweka kando: "Sikatai wana wenu wapate. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba kwa kuwa wenu wameingia, wangu wameshalipwa."

## Basi tupime mfuko

Kwa muda nilidhani jibu ni kuachana na rangi na kupima hali ya uchumi. Mtafiti wa sera za elimu Richard Kahlenberg ameitetea hoja hiyo tangu miaka ya 1990, na alikuwa shahidi wa upande wa walalamikaji dhidi ya Harvard ijapokuwa kwa siasa zake si mtu wa upande wao. Hata Barack Obama, mtoto wa Mkenya, alipoulizwa mwaka 2007 alisema kwamba maofisa wa udahili wanapaswa kuwachukulia mabinti zake kama watoto waliojaliwa, na kwamba watoto wa Kizungu waliokulia katika umaskini nao waangaliwe.

Ni hoja yenye mvuto, hasa kwa mtu kama mimi anayetaka kutoka kwenye lawama ya yule dada. Mtoto wa mchimba makaa wa West Virginia na mtoto wa mama mwosha vyombo wa San Antonio wote wangeonekana, na hakuna ambaye angeambiwa ameingia kwa ngozi.

Kilichonirudisha nyuma ni hesabu. California ilipiga marufuku kigezo cha rangi katika vyuo vya umma kwa kura ya wananchi mwaka 1996, na mfumo wa Chuo Kikuu cha California uliieleza Mahakama ya Juu kwamba tangu 2004 umetumia zaidi ya nusu bilioni ya dola katika njia nyingine, nyingi zikiwalenga wenye kipato kidogo. Hata hivyo mwaka 2006 UCLA, iliyomo katika jiji la Los Angeles, ilijikuta na wanafunzi wapya Weusi 96 tu kati ya takribani 4,800. Michigan ilipiga marufuku kama hiyo mwaka 2006, na katika chuo kikuu chake kilichopo Ann Arbor sehemu ya Weusi miongoni mwa wanafunzi wa shahada ya kwanza ilishuka kutoka asilimia 7 mwaka huo hadi kama asilimia 4 mwaka 2021.

Kisha ikaja Princeton. Darasa lililoingia mwaka 2025 lina asilimia 25 ya wanafunzi wanaostahili ruzuku ya Pell, ile ya serikali kwa familia za kipato cha chini, kiwango ambacho chuo hicho hakikuwahi kukifikia. Darasa hilohilo lina asilimia 5 tu ya Weusi, kiwango cha chini kabisa tangu mwaka 1968.

Mlango mmoja ulifunguka kwa maskini na kufungwa kwa Weusi, kwa mwaka mmoja, na mikono ileile.

Hakuna muujiza hapo. Weusi wana sehemu kubwa ya umaskini wa Marekani kuliko idadi yao, lakini maskini walio wengi si Weusi, na ukiwachuja maskini kwa alama za SAT, mtihani ambao vyuo hutumia kuwapima waombaji, wanaobaki juu wengi wao ni Wazungu na Waasia. Anayeahidi kwamba tabaka litafanya kazi ya rangi kimyakimya anaahidi kitu ambacho takwimu zinakikana.

## Mshahara si mali

Binti yangu hakuningoja. Ile ya mlinzi aliipeleka kwa vyuo viwili na ile ya zamu za usiku kwa vilivyobaki, akaendelea na maisha yake. Mimi ndiye niliyebaki na swali, na nilipata sehemu ya jibu kazini, nilipotazama watu watatu wanaolipwa mshahara unaokaribiana: mimi, yule dada wa Third Ward, na bwana mmoja Mzungu wa kutoka Beaumont.

Katika fomu ya kodi sisi ni familia moja.

Lakini bwana wa Beaumont alinunua nyumba akiwa na miaka 26 kwa malipo ya awali aliyopewa na wazazi wake, ambao nao walikuwa wameuza nyumba ya babu. Babu huyo alirudi kutoka Vita Kuu ya Pili na kuipata kwa mkopo wa askari uliodhaminiwa na serikali. Babu wa yule dada naye alirudi kutoka vita hivyohivyo, akiwa na haki ileile kwenye karatasi, akaenda benki na kurudi mikono mitupu. Hakuwa peke yake. Mwaka 1947 katika jimbo la Mississippi, kati ya mikopo zaidi ya 3,200 ya nyumba, biashara na mashamba iliyodhaminiwa kwa askari waliorudi, ni 2 tu iliyokwenda kwa Weusi. Kabla ya hapo, tangu miaka ya 1930, serikali ya shirikisho ilikuwa na ramani zilizopaka mitaa ya Weusi rangi nyekundu kuashiria kwamba mikopo huko ni hatari. Nyumba ambayo babu hakuinunua haikurithiwa na mama, haikuwekwa rehani kulipia ada, na haikumpa mjukuu mtaa wenye shule nzuri.

Uchunguzi wa Benki Kuu ya Marekani wa mwaka 2022 ulikuta kwamba kaya ya Kizungu iliyo katikati kabisa ya msururu ina mali halisi ya dola 285,000, na ya Weusi iliyo katikati ina dola 44,900. Ukipima kipato cha mwaka jana, pengo hili hulioni. Ukipima mali ya vizazi viwili au vitatu, unaliona lote.

Hapa ndipo nilipoacha kuamini kwamba swali ni rangi au tabaka. Tabaka linalopimwa kwa mshahara tu ni kipimo cha kuchelewa. Linamkamata mhamiaji mwenye shahada katika miaka yake mibaya, na linamkosa mtu ambaye ukoo wake mzima ulizuiwa kujenga.

Na vyuo haviwezi kudai kwamba taarifa hizo hazipatikani. Tulipoomba msaada wa fedha kwa vyuo binafsi tulijaza fomu ndefu iitwayo CSS Profile, ambayo inauliza nyumba yako ina thamani gani leo, uliinunua mwaka gani na kwa bei gani, una akiba kiasi gani, hata biashara yako kama unayo. Fomu hiyo inakwenda ofisi ya misaada. Wanaosoma maombi ya udahili katika vyuo vingi vya kifahari hawaioni, kwa sababu vyuo hivyo hujivunia kumchagua mwombaji bila kujua kama ana uwezo wa kulipa. Utaratibu huo ulibuniwa kumlinda maskini asikataliwe kwa umaskini wake. Leo unamzuia asipimwe kwa umbali aliotoka.

## Texas, na gharama ya kuhamia mtaa mzuri

Jimbo letu lilipita njia yake. Tangu sheria ya mwaka 1997, mwanafunzi aliye katika asilimia 10 ya juu ya shule yake ya sekondari ana nafasi ya uhakika katika vyuo vikuu vya umma, ingawa kile cha Austin kimekuwa kikibana hadi kufikia asilimia 5 kwa wanaoingia mwaka 2026. Sheria hii inaleta wanafunzi wa rangi zote kwa sababu moja isiyopendeza: shule za Texas zimegawanyika kwa rangi na kipato, kwa hiyo kuchukua wa juu wa kila shule ni kuchukua wa kila kundi. Familia kama yetu, iliyojinyima ili ihamie eneo lenye shule bora, inagundua kwamba mtoto ambaye angekuwa wa tatu kule tulikotoka ni wa arobaini na kitu hapa. Silalamiki, nadhani ni haki. Lakini sheria hiyo inahitaji ubaguzi wa makazi uendelee ili ifanye kazi, na hilo linanitia shaka kuliko wanavyokubali watetezi wake.

## Davis, kwa mara ya pili

Mfano ulionituliza kidogo unatoka palepale Bakke aliposhtaki. Shule ya udaktari ya Davis, iliyozuiwa kwanza na hukumu ya 1978 na kisha na sheria ya California, ilitengeneza kipimo chake cha ugumu wa maisha, kuanzia 0 hadi 99, kinachoangalia kipato cha familia, elimu ya wazazi, kama mwombaji ametoka eneo lenye upungufu wa huduma za afya, na kama amekuwa akiisaidia familia yake kifedha. Rangi haimo. Darasa lililokuwa limeingia wakati hukumu ya 2023 inatolewa lilikuwa na watu 133, asilimia 84 yao wametoka katika mazingira magumu, asilimia 14 wakiwa Weusi na asilimia 30 wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Katika shule za udaktari nchini kote wastani ulikuwa asilimia 10 na 12.

Kwa nini Davis ilifaulu pale UCLA iliposhindwa? Nadhani ni kwa sababu Davis iliangalia mambo mengi kuliko mshahara, na kwa sababu ina lengo linaloeleweka: madaktari watakaokubali kurudi kutibu bonde la kati la California. Chuo kinachojua kinamtafuta nani kwa kazi gani hakihangaiki sana kueleza vigezo vyake.

Hata njia hii sasa inatazamwa kwa jicho baya. Julai 2025 Wizara ya Sheria ya Marekani ilionya kwamba vigezo kama makazi, vikichaguliwa kwa nia ya kufikia idadi ya rangi fulani, vinaweza kuhesabiwa ubaguzi, na mwaka huohuo College Board, shirika linaloendesha mtihani wa SAT, ilikiondoa chombo chake cha Landscape kilichowaonyesha maofisa hali ya mtaa na shule ya mwombaji, ingawa hakikuwa na rangi ndani yake. Ndiyo maana naona wanaolitetea tabaka kama barakoa ya rangi wanalidhuru. Tabaka lipimwe kwa sababu mtoto aliyepata alama 1,400 za SAT huku akilea wadogo zake amefanya kazi kubwa kuliko aliyepata 1,500 kwa mwalimu wa kulipiwa, awe Mzungu wa Appalachia au Msomali wa Minneapolis.

Na deni lidaiwe kama deni. Chuo Kikuu cha Georgetown kilitangaza mwaka 2016 kwamba vizazi vya watu 272 waliouzwa na Wajesuti wa Maryland mwaka 1838, mauzo ambayo sehemu ya fedha zake ilikiokoa chuo hicho na madeni, watapewa katika udahili uzito uleule wanaopewa watoto wa wahitimu. Uzito huo hautolewi kwa rangi wala kwa umaskini, kwa sababu unafuata majina yaliyomo katika hati ya mauzo. Binti yangu hahusiki hata kidogo, na sioni alichopoteza. Inawezekana nafasi za chuo ni njia ndogo mno ya kulipa deni kama hilo, lakini angalau mdai ametajwa.

## Mlango ambao haukushtakiwa

Kuna neno moja katika habari ya Georgetown ambalo lilinifanya niisome tena: watoto wa wahitimu. Uzito mkubwa kuliko wote ambao chuo hicho kiliweza kuufikiria ulikuwa ule ambao tayari kinawapa jamaa zake.

Kesi ya Harvard ilitoa hadharani takwimu ambazo bila mahakama tusingeziona. Watoto wa wahitimu walikubaliwa kwa kiwango cha karibu mmoja kati ya watatu, wakati wengine hawakufika asilimia 6. Kati ya Wazungu waliokubaliwa, asilimia 43 walikuwa wanamichezo walioalikwa, watoto wa wahitimu, watoto wa wafanyakazi wa chuo, au waliomo katika orodha maalumu ya mkuu wa udahili ambamo jamaa za wafadhili huwekwa. Utafiti wa wachumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman uliotoka mwezi mmoja baada ya hukumu ya 2023 ulionyesha kwamba mtoto wa familia iliyo katika asilimia 1 ya juu ya kipato ana zaidi ya mara mbili ya uwezekano wa kusoma katika vyuo vya Ivy League na vichache vinavyolingana navyo kuliko mtoto wa tabaka la kati mwenye alama zilezile.

Miaka yote tuliyobishana kama mtoto wa Third Ward amemnyang'anya nafasi mtoto wa mhamiaji wa Kichina, au kama wangu amemnyang'anya wa Third Ward, nafasi hizi hazikuwekwa mezani. Colorado, Virginia, Maryland, Illinois na California zimeanza kuzuia upendeleo huo kwa sheria, baadhi kwa vyuo vya umma tu. Vyuo vinavyoutetea husema kwamba bila huo wahitimu wataacha kuchangia.

Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kiliuacha mwaka 2014, bila kutangaza hadi 2020. Kati ya 2009 na 2019 sehemu ya watoto wa wahitimu miongoni mwa wanafunzi wake wapya ilishuka kutoka asilimia 12.5 hadi 3.5, na sehemu ya wenye kustahili ruzuku ya Pell ilipanda kutoka asilimia 9 hadi 19.1. Mwaka 2018, katikati ya mabadiliko hayo, Michael Bloomberg, mhitimu wake wa mwaka 1964, alikipa chuo hicho dola bilioni 1.8, zote kwa ajili ya wanafunzi wasio na uwezo wa kulipa. Bila shaka si kila chuo kina Bloomberg wake, lakini vyuo vyenye hazina kubwa kuliko ya Hopkins havijaeleza kwa nini haviwezi, na hakuna aliyevipeleka mahakamani vikalieleze hilo kabla ya kuulizwa habari za rangi.